Skana Isipopeleka Karatasi: Namna ya Kutafuta Ilipokwama

Ndugu wanachama,

Msimu wa karafuu unapowadia, kazi za ofisi za matawi huongezeka kama zinavyoongezeka kazi za uwanjani. Mwanachama huleta stakabadhi ya mizani, huleta fomu ya kuombea miche, huleta hati ya shamba alilorithi yeye na nduguze, na kila karatasi katika hizo hutakiwa nakala yake ifike ofisi kuu. Zamani nakala hizo zilipelekwa kwa mkono, ndani ya bahasha, na mtu yeyote aliyekuwa na safari. Siku hizi karatasi hupitishwa kwenye mashine ya skana ikapigwa picha, na picha ile ikapelekwa kwa mtandao, na jambo lililokuwa likichukua siku mbili humalizika kwa dakika mbili. Hayo ni maendeleo, wala hatumjui anayetaka kurudi nyuma.

Lakini lipo lalamiko moja linalorudi marra kwa marra. Mwanachama amefika tawini na karatasi yake, naye ameambiwa, "Mtandao haupo, njoo kesho." Kesho yake ameambiwa maneno yale yale. Mtu atokaye Micheweni kwenda Wete na kurudi ametoa nauli siku mbili, ameziacha karafuu zake juu ya jamvi na mawingu yanakusanyika, na jina lake bado halijafika ofisi kuu. Karafuu iliyonyeshewa ikavunda hupauka rangi na hushuka daraja, na hasara hiyo hakuna wa kumlipa.

Kwa hivyo twaandika khabari hii kwa watu wawili. Wa kwanza ni karani wa tawi, apate kujua la kufanya. Wa pili ni mwanachama mwenyewe, apate kujua la kuuliza. Na neno letu kubwa ni hili: "Mtandao haupo" si jawabu. Skana isipopeleka karatasi, basi karatasi imekwama mahali fulani njiani, na mahali hapo hujulikana kwa kutazama kituo baada ya kituo, kuanzia cha karibu kwendea cha mbali. Mkulima akiuona mkarafuu unakauka matawi hakimbilii shoka. Hutazama kwanza mchwa, kisha shina, kisha mizizi. Na mashine ni vivyo hivyo. Aghalabu si nzima yake iliyokufa, bali ni jambo dogo lililoharibika katika njia yake.

MITANDAO NI MIWILI

Kabla ya yote yafaa kila mtu afahamu kuwa ofisini mna mitandao miwili, nayo watu huichanganya kwa kuwa jina lake ni moja.

Mtandao wa kwanza ni wa ndani ya nyumba. Kipo kisanduku kiitwacho ruta, na kompyuta, printa na skana zote zimeunganishwa nacho, ama kwa waya, ama kwa hewa, yaani wai-fai. Vyombo hivyo vyapelekeana khabari kwa kupitia kisanduku hicho bila ya kutoka nje ya mlango. Mtandao wa pili ndio intaneti, unaotoka kwenye ruta kwendea kampuni ya simu na ulimwengu mzima.

Sasa skana nyingi za ofisini hupeleka karatasi kwa njia mbili. Ama huiweka katika folda ya kompyuta iliyo katika jengo lile lile, ama huipeleka kwa barua pepe. Njia ya kwanza hutumia mtandao wa ndani peke yake. Hata kampuni ya simu ikikata intaneti mchana kutwa, skana yaweza kuweka karatasi katika folda ya kompyuta ya jirani, maadamu ruta ina umeme. Karani anayeshindwa kupeleka karatasi kwenye kompyuta iliyo meza ya pili, kisha akailaumu kampuni ya simu, anamlaumu asiyehusika.

Basi suali la kwanza la kuuliza ni hili: Karatasi ilikuwa ikienda wapi? Ikiwa ni folda, tazama vituo vinne vya mwanzo tutakavyovieleza. Ikiwa ni barua pepe, tazama vitatu vya mwanzo, kisha ruka uende cha tano.

KITUO CHA KWANZA: UMEME NA WAYA

Kisiwa cha Pemba kilianza kupata umeme wa waya upitao chini ya bahari kutoka Tanga mwaka 2010, na kabla ya hapo tulitegemea majenereta. Hali imekuwa bora, lakini umeme bado hukatika na kurudi, na marra nyingine hurudi ukakatika tena papo hapo. Mchezo huo ndio unaozivuruga mashine zaidi kuliko giza la saa nzima. Ruta huchukua dakika kadha mpaka kuamka sawasawa, na skana huenda ikaamka mbele yake. Ikiamka huitafuta ruta, isiione, ikakaa hivyo hivyo kama mgeni aliyekosa mwenyeji.

Dawa yake ni kuwasha kwa taratibu. Zima skana na ruta. Washa ruta peke yake, ungoje dakika tatu. Kisha washa skana, ungoje mpaka itulie. Kisha jaribu. Kwa taratibu hii peke yake matatizo mengi humalizika, bila ya fundi.

Ikiwa haikufaa, tazama waya. Tundu la waya wa mtandao nyuma ya skana aghalabu lina taa ndogo. Taa ikiwaka au kumetameta, waya unafika. Ikiwa imezimika, sukuma kichwa cha waya mpaka usikie kimeshika, maana kile kiulimi cha plastiki kikivunjika waya hulegea na huonekana kana kwamba upo mahali pake. Jaribu tundu jingine la ruta, kisha jaribu waya mwingine. Tazama pia nyuma ya kabati, maana panya hawachagui. Waya wa aina hii haukusudiwi kupita mita 100 toka chombo hata chombo.

Ikiwa skana inatumia wai-fai, yapo mambo matatu ya kutazama. Neno la siri la wai-fai likibadilishwa, skana haina khabari mpaka iambiwe. Ruta nyingi hutoa mawimbi ya aina mbili, ya 2.4 na ya 5, na skana nyingi hazijui illa ya 2.4. Na ruta ikiwa na mtandao wa wageni, usiiunge skana humo, kwa sababu mtandao wa wageni umewekwa makusudi ili vyombo vilivyomo visionane. Nasi twashauri kwamba skana isiyohamishwa mahali pake iungwe kwa waya, khasa katika majumba yetu ya kuta nene za mawe, ambazo hupunguza nguvu za mawimbi.

KITUO CHA PILI: ANWANI

Kila chombo kilicho katika mtandao kina anwani yake, iitwayo anwani ya IP. Ni namba nne zilizotengwa kwa nukta, na kila namba ni kati ya 0 na 255, mathalan 192.168.1.50. Anwani ya skana huonekana kwenye kioo chake katika sehemu ya mtandao, au huchapwa katika karatasi ya khabari zake.

Namba hizo zasema mengi kwa anayejua kuzisoma. Ikiwa ni sifuri tupu, skana haina anwani. Ikiwa yaanza kwa 169.254, maana yake skana iliomba anwani kwa ruta isijibiwe, ikajipa yenyewe. Katika hali hizi mbili usipoteze wakati na kompyuta. Rudi kituo cha kwanza, maana skana na ruta hazijasemezana. Anwani njema hufanana na za vyombo vingine vya ofisi hiyo. Katika ofisi nyingi ndogo namba tatu za mwanzo ni zile zile kwa vyombo vyote, na ya nne ndiyo ya kila kimoja.

Iko taabu nyingine iliyojificha zaidi, nayo ndiyo huwafanya watu waseme, "Jana ilifanya kazi, na leo hatukugusa kitu." Ruta haigawi anwani kwa milki, bali huikodisha kwa muda. Umeme ukikatika, vyombo huomba upya, na kompyuta iliyokuwa na anwani ya mwisho wa 20 yaweza kupewa ya mwisho wa 23. Skana haijui. Katika kumbukumbu zake imeandikwa 20, nayo huendelea kupeleka karatasi katika nyumba iliyohamwa. Au kompyuta ndiyo inayoitafuta skana kwa anwani yake ya zamani, isiione. Na vyombo viwili vikiwa na anwani moja, khabari huenda leo huku, kesho kule.

Dawa yake ni kuiambia ruta iweke anwani maalumu kwa ajili ya skana, na nyingine kwa ajili ya kompyuta inayopokea, isiwape wengine kamwe. Ruta huvitambua vyombo kwa namba ya kiwandani, yenye herufi na tarakimu 12, iliyobandikwa aghalabu nyuma au chini ya chombo. Kazi hii ni ya marra moja, na fundi anayejua huimaliza kwa muda mfupi. Kisha anwani hizo ziandikwe katika daftari la ofisi na zibandikwe juu ya mashine zenyewe.

KITUO CHA TATU: KUPIGA HODI

Ikiwa skana ina anwani njema, sasa yapasa kujua kama njia baina yake na kompyuta ni wazi. Iko amri ya kompyuta iitwayo ping, iliyoandikwa na Mmarekani Mike Muuss katika mwezi wa Disemba 1983, naye akaipa jina la ule mlio ambao manowari hutoa chini ya bahari kupima kilichoko mbele. Kazi yake ni kupiga hodi, basi.

Katika kompyuta ya Windows fungua sehemu ya kutafutia, andika cmd, na dirisha jeusi litafunguka. Humo andika ping, acha nafasi, kisha anwani ya skana, mathalan ping 192.168.1.50. Kompyuta itapiga hodi marra nne. Ikijibiwa na skana marra nne zote, njia ni wazi na lawama si ya waya wala ya ruta, endelea mbele. Ikijibiwa marra mbili na kukosa mbili, waya ni mbovu au mawimbi ni dhaifu. Isipojibiwa hata marra moja, rudi kituo cha kwanza na cha pili.

Piga hodi kutoka kwenye kompyuta kwendea skana, wala usipime kinyume chake, kwa kuwa kompyuta nyingi zina ulinzi usiojibu hodi hata kama zi nzima.

KITUO CHA NNE: MLANGO NA UFUNGUO

Karatasi imefika mpaka mlangoni kwa kompyuta, lakini mlango haufunguki. Hapa skana huandika kwamba imekataliwa, au jina na neno la siri si sahihi. Sababu zake kubwa ni nne.

Ya kwanza, neno la siri la kompyuta limebadilishwa na skana haikuambiwa. Skana huingia katika folda kwa jina na neno la siri la mtu fulani. Mtu huyo akilibadilisha Jumatatu, skana hukataliwa Jumatatu hiyo hiyo. Jueni pia kwamba ile namba fupi ya kufungulia Windows haifai hapa. Hiyo ni ya kompyuta ile peke yake, na mtandaoni hutakiwa neno la siri lenyewe. Bora ni kufungua jina maalumu kwa ajili ya skana, lenye ruhusa ya folda ile tu, lisilotumiwa na mtu yeyote.

Ya pili, ruta imebadilishwa. Windows ikiona mtandao mgeni huudhania kuwa ni wa hadharani, kama wa mkahawa au wa bandarini, ikajifungia. Yapasa iambiwe kuwa mtandao huu ni wa nyumbani.

Ya tatu, folda imehamishwa au imebadilishwa jina na mtu aliyekuwa akisafisha kompyuta.

Ya nne ni ugeni wa lugha. Skana za zamani huzungumza na kompyuta kwa taratibu ya zamani, iitwayo SMB toleo la 1. Katika mwezi wa Mei 2017 programu ovu iliyoitwa WannaCry ilipitia udhaifu wa taratibu hiyo ikafunga mafaili ya watu katika nchi zaidi ya 150, hata hospitali za Uingereza zikasimamisha kazi, na wenye mafaili wakadaiwa fedha ili wafunguliwe. Tangu mwishoni mwa mwaka 2017, Windows 10 mpya huja bila ya mlango huo. Na Windows 11 ya toleo la 24H2, lililotoka 2024, imezidisha masharti. Kwa hivyo tawi likinunua kompyuta mpya na kubaki na skana ya zamani, huenda vyombo viwili hivi visielewane ingawa vyote ni vizima.

Hapa ndipo tunapowaonya makarani. Atatokea mtu aseme, "Nitaurudisha mlango wa zamani, na skana itafanya kazi sasa hivi." Ni kweli itafanya kazi, lakini mmefungua dirisha la ghala usiku katikati ya msimu. Ndani ya kompyuta hiyo mna majina ya wanachama, hesabu zao na hati za mashamba yao. Njia ya salama ni kutia programu mpya ya skana kutoka kwa watengenezaji wake, ikiwa ipo. Na kama haipo, peleka karatasi kwa barua pepe au kwa kijiti cha USB mpaka chama kitakapobadilisha mashine.

KITUO CHA TANO: BARUA PEPE

Njia hii yahitaji intaneti. Basi kwanza fungua ukurasa wowote katika kompyuta. Usipofunguka, hapo ndipo mnapoweza kusema kwa haki kwamba mtandao haupo. Ukifunguka, tazameni haya.

Matawi yanayotumia Gmail yakumbuke kwamba tangu 30 Mei 2022 Google ilianza kuzikatalia mashine zinazoingia kwa jina na neno la siri la kawaida peke yake. Yapasa kuwasha ule uthibitisho wa hatua mbili, kisha kuomba neno maalumu la herufi 16 kwa ajili ya mashine, na hilo ndilo litiwalo katika skana. Jina la seva ni smtp.gmail.com, na mlango wake ni 587 au 465.

Tazameni saa ya skana. Mashine iliyopoteza tarehe baada ya umeme kukatika, ikadhani ni miaka kumi nyuma, yaweza kushindwa kuungana na seva, kwa sababu hati za usalama huonekana kwake kana kwamba hazijafika siku zake.

Tazameni ukubwa. Gmail haipeleki barua yenye viambatisho vinavyozidi MB 25, na viambatisho vyenyewe huvimba kwa kiasi cha thuluthi vinapofungwa safarini. Ukurasa mmoja wa A4 kwa nukta 300 kwa inchi una nukta 2480 kwa 3508. Kurasa arubaini za namna hiyo, kwa rangi, zaweza kukataliwa, na karani akadhani mtandao mbovu. Orodha na stakabadhi za kawaida zatosha kwa nukta 200, bila ya rangi. Hati zenye mihuri na saini zipigwe kwa 300 na rangi, lakini zipelekwe chache chache.

MAMBO YA KUJIEPUSHA NAYO

Usirudishe skana katika hali ya kiwandani kabla ya kuandika mipangilio yake yote, maana hufuta anwani, majina na maneno ya siri, na tatizo moja likawa kumi. Usibadilishe mambo matatu kwa pamoja. Badilisha moja, jaribu, kisha lifuate jingine, vinginevyo hutajua lililofaa. Usimsomee neno la siri mtu aliyepiga simu akisema yeye ni fundi. Wala usipeleke picha za hati za wanachama kwa simu yako ya mkononi kwa kuwa skana imekataa, maana hati ya mtu ni amana, na simu hupotea.

KARATASI YA MWANACHAMA ISINGOJE

Tumalize kwa jambo lililotufanya tuandike. Skana iliyokosa mtandao haijakosa kazi. Zile mashine za ofisi zenye kuskani na kuchapa pamoja hutoa kopi bila ya mtandao wowote, alimradi zina umeme, karatasi na wino. Nyingi zina tundu la USB la kuhifadhi picha ndani ya kijiti.

Kwa hivyo taratibu tunayoyataka matawi yote yaifuate ni hii. Mwanachama akifika, karatasi yake ipokewe siku hiyo hiyo. Itolewe kopi, hati ya asili irudishwe mkononi mwa mwenyewe, jina lake liandikwe katika daftari pamoja na tarehe na saa, naye apewe kikaratasi chenye saini ya karani. Umeme ukiwa haupo kabisa, iandikwe namba ya hati na maelezo yake kwa mkono, na mwenyewe atie saini. Tarehe ya kupokewa ni siku aliyofika mwanachama, si siku uliporudi mtandao. Kisha karani aanze kutafuta palipokwama, kituo kwa kituo.

Na wewe mwanachama ukiambiwa "Mtandao haupo," usigombe, wala usigeuke ukaenda zako. Uliza kwa adabu: "Upi, wa ndani au wa nje? Imekwama kituo gani? Na kikaratasi changu kiko wapi?" Masuali hayo matatu ni haki yako.

Karani atakayevipita vituo vyote vitano bila ya kufaulu na atuandikie, ataje anwani ya skana, maneno yaliyoandikwa kwenye kioo, na kituo alichokwama. Kwa khabari hizo fundi atakuja na chombo anachokihitaji kwa safari moja, na fedha za chama hazitatoka kununua mashine mpya kwa sababu ya waya uliolegea.

Wenu katika kazi,
Katibu wa Chama